Kadi ya njano ya zamani na safari ya Mombasa

Salaam dada. Umeuliza kama kadi ya njano ya mama (cheti cha chanjo ya homa ya manjano), aliyoandikiwa 2013 na mwisho 2023, bado inafaa kwa safari ya basi Tanga hadi Mombasa. Inafaa. Tangu Julai 11, 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka 10. Tafadhali asichomwe sindano nyingine bure.

Kagua kwanza jina. Kadi ikisema Mwanaisha na pasipoti ikasema Mwana Isha, hapo ndipo maswali yanapoanza. Kisha mhuri wa kituo, saini na namba ya chanjo, visiwe vimefutika. Asiyechanjwa kabisa ahesabu siku 10 baada ya sindano ndipo kadi ianze kazi.

Mpakani anahitaji mihuri miwili, wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya. Wengi hugongewa mmoja wakakimbilia basi. Mama afungue pasipoti papo hapo dirishani aihesabu mihuri.

Na zile noti za toleo la zamani za Kenya za 1,000 alizotunza kabatini aziache: zilikoma kutumika mwishoni mwa Septemba 2019.