Usianze na mteja, anza na daftari la mikopo

Swali la wiki hii limetoka kwa kijana wa Tabora mjini aliyemaliza chuo. Anataka kuwauzia wanachama wa SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, bima ya maisha, na anauliza aanzie wapi na kwa nini wengi huacha kazi hiyo kabla ya mwaka kuisha.

Nianze na hilo la pili. Wengi huacha kwa sababu huanza na shangazi, jirani na waliosoma nao. Hao hukata bima kwa kuona haya. Mwezi wa tatu hawapokei simu, ada hazilipwi, mkataba unakufa, na kamisheni uliyolipwa mapema inakatwa kwenye malipo yako yajayo. Kabla hujasaini mkataba wa uwakala, kitafute kipengele hicho cha kurudisha kamisheni na ukisome mara mbili.

Kuhusu usajili sina maneno mengi. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inataka wakala asajiliwe na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, nawe unaombewa usajili kupitia kampuni ya bima unayoifanyia kazi, ukiwa umepata mafunzo. Kitambulisho chenye kamba shingoni si leseni.

Ukishasajiliwa, usimkimbilie mwanachama. Nenda kwa meneja wa SACCOS ukamuulize kama mikopo yao imekatiwa bima, nani hulipa ada yake, na mwanachama akifikisha umri gani kinga inakoma. Majibu hayo ndiyo yatakuonyesha pengo lilipo. SACCOS nyingi zina bima ya mkopo, na mwanachama akisikia tu neno bima husema, "Mimi ninayo tayari." Hajui kwamba ile inalinda deni.

Chukua mfano wa kubuni. Mwalimu amekopa 3,000,000, amefariki akiwa amebakiza 1,400,000. Bima ya mkopo inailipa SACCOS hiyo 1,400,000. Akiba yake haiguswi, wadhamini wake wanalala usingizi, na hilo si jambo dogo. Ila mjane hapati hata senti moja kutoka kwenye bima hiyo. Tena kinga yenyewe hushuka kadiri deni linavyoshuka, kwa hiyo aliyekaribia kumaliza mkopo ana kinga ndogo kuliko zote. Bima yake binafsi ya 5,000,000 ingelipa 5,000,000 kwa mnufaika, deni liwepo lisiwepo. Mchoree hesabu hiyo kwenye karatasi, mwachie aende nayo nyumbani. Inauza kuliko kipeperushi chochote chenye picha ya familia inayocheka.

Na kama SACCOS haina bima ya mkopo kabisa, anza na hiyo. Mkataba mmoja wa kundi unaingiza wanachama wote wenye mikopo, na ada kwa kichwa huwa ndogo. Vyama vya akiba vya Marekani navyo vilianzia hapo: mwaka 1935 viliunda kampuni yao, CUNA Mutual, huko Madison, Wisconsin, ili deni life na mdaiwa. Uamuzi huo ni wa bodi na wanachama. Meneja akikubali peke yake bila muhtasari wa kikao, bodi ikibadilika na mkataba wako unaondoka nayo. Usimwombe pia orodha ya wanachama na salio zao. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba dakika 15 kwenye mkutano mkuu, kabla ya chakula. Baada ya chakula unaongea na viti.

Sasa pesa. Hapa ndipo mawakala wa Tabora wanapoumia, kwa sababu kampuni hutoa ratiba ya kila mwezi na mkulima hana mwezi. Wa tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge anashika fedha masoko yakifunguliwa na malipo yakatoka, baada ya makato ya pembejeo. Ukimkatia mkataba wa kulipa kila mwezi wakati yuko kwenye mabani, mabanda ya kukaushia tumbaku, akitafuta kuni, umemuuzia kitu ambacho hawezi kukilipia. Uliza kampuni kama inapokea ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, na tarehe ya kulipa iwekwe baada ya malipo ya mauzo. Acha nafasi ya mwezi mmoja au miwili, maana malipo huchelewa. Uliza pia siku za nyongeza ni ngapi ada isipofika.

Kwa watumishi tatizo ni jingine. Makato kwenye mshahara yanavutia, lakini mtumishi lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wake. Mwalimu mwenye mkopo wa benki na wa SACCOS huenda ameshafika ukomo. Fomu yako itapokelewa vizuri sana, makato hayatapita, naye ataamini ana bima. Omba kuona hati ya mshahara kabla ya kujaza chochote, na mwezi wa kwanza hakikisha makato yameonekana. Ada yoyote iende moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni. Isipitie kwenye simu yako, hata kama mzee anakusihi, "Mwanangu, nitumie wewe tu."

Fomu yenyewe ijaze taratibu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, halafu ulilinganishe na kadi ya SACCOS. Huku kwetu mtu anaweza kuwa Kulwa nyumbani, Joseph kanisani na Masanja kwenye daftari la chama, na pacha wake Doto yuko SACCOS hiyohiyo kwa ubini uleule. Tofauti ya herufi moja inaweza kukwamisha madai kwa miezi.

Sehemu ya mnufaika usiandike "mke" wala "familia". Andika majina kamili, uhusiano, namba ya simu na asilimia, jumla iwe 100. Mwenye wake wawili aamue mwenyewe akiwa hai. Mnufaika akiwa mtoto chini ya miaka 18, taja na mtu mzima wa kumpokelea. Pakiachwa wazi, fedha huingia kwenye mirathi, na familia italazimika kwenda mahakamani kupata msimamizi kwanza.

Maswali ya afya msomee kwa sauti, ajibu yeye. Wakala anayeweka "hapana" mstari mzima ili amalize haraka anampa mjane barua ya kukataliwa. Presha na kisukari huenda vikapandisha ada, lakini vikifichwa vinaweza kuua dai lote. Mweleze pia muda wa kungojea: mara nyingi kifo cha ugonjwa katika miezi ya mwanzo hakilipwi, cha ajali hulipwa.

Msiba ukitokea, nenda. Kwanza toa pole, kaa na wazee. Kabla ya kuondoka mkumbushe mtu mmoja makini kwamba kifo kinapaswa kuandikishwa ndani ya siku 30. Aliyefia nyumbani kijijini hana karatasi ya hospitali, kwa hiyo waanze na mtendaji wa kijiji, kisha kwa msajili wa wilaya wapate cheti. Beba nakala yako ya fomu, kwa kuwa ya marehemu mara nyingi haionekani. Siku fidia inalipwa, fomu za kuuzia ziache nyumbani. Majirani watakutafuta wenyewe.