Maswali ya walimu: ruzuku, zana na kukaa darasani kwa mwenzako

Nina watoto zaidi ya mia darasa la pili. Nataka kutengeneza zana za kusomea, lakini nasikia ruzuku ni za miradi mikubwa tu. Nianzie wapi? (Mwalimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, Kasulu)

Mwalimu, anzia kwa mwalimu mkuu wako kabla ya kutafuta mfadhili. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo ziingie akaunti ya shule. Kwa shule ya watoto 600 hiyo ni 3,600,000. Si nyingi, wala haiji kwa mkupuo mmoja, lakini vifaa vya kufundishia vimo katika matumizi yake. Shida ni kwamba chaki na karatasi za mitihani zina mtu wa kuzisemea kikaoni, zana zako hazina. Peleka orodha yenye bei: manila, maka peni, gundi, uzi. Visoda na mbegu mtaokota na watoto.

Andiko langu la kuomba projekta na kompyuta mpakato limekataliwa mara mbili. Wanataka nini hasa? (Mwalimu wa hisabati, sekondari ya kata, Singida)

Pole sana, na usikate tamaa. Anayesoma andiko anamtafuta mwanafunzi, wewe umemwonyesha mashine. Anza na kinachowashinda. Kwa mfano: wanafunzi wa kidato cha kwanza wakijumlisha nusu na theluthi wanaandika mbili ya tano, kwa sababu wanajumlisha ya juu kwa ya juu na ya chini kwa ya chini. Kisha eleza utakachofanya: kila meza ipate kanda mbili za karatasi zinazolingana urefu, moja ikunjwe sehemu mbili, nyingine sehemu tatu. Wakizilaza pamoja wataona wenyewe kwamba jibu lao ni dogo hata kuliko ile nusu waliyoanza nayo. Halafu sema utapimaje: maswali matano kabla, mengine ya aina hiyo hiyo baada ya wiki sita.

Bei zije baada ya hapo. Ambatisha muhtasari wa kikao cha bodi, na pesa ziingie akaunti ya shule, kamwe zisipite kwenye simu yako.

Na weka jina la mwalimu wa pili atakayefundisha kipindi hicho hicho mkondo mwingine. Hili nalisisitiza kuliko yote, maana mwenye wazo akipata uhamisho, mara nyingi wazo huondoka naye. Mkiwa wawili, darasa halibaki yatima.

Kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji tunasaini mahudhurio, mmoja anasoma moduli, tunatawanyika. Ndiyo MEWAKA hiyo? (Mwalimu, Muleba)

Hapana. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaliletwa shuleni ili mzungumzie vipindi vyenu wenyewe, bila kungoja semina ya wilayani. Wakenya walianza mapema: mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la maendeleo la Japani, uliwazoesha walimu wa hisabati na sayansi kupanga kipindi, kukifundisha, kukitazama, kisha kukiboresha.

Jaribuni kwa kipindi kimoja. Mkipange wawili, mmoja afundishe, mwingine akae nyuma na daftari. Asiandike chochote kuhusu mwalimu. Achague watoto watatu, aandike wanachofanya: nani amenakili kwa jirani, nani anahesabu vidole chini ya dawati, nani ameinua mkono akaushusha. Baada ya vipindi, jadilini hao watatu tu. Mwenzenu hatajisikia amekaguliwa, na mtapata cha kubadilisha kesho yake.

Mwenzangu ametumia zana yangu, akapongezwa na mthibiti ubora wa shule. Nimeumia. (Mwalimu, Bunda)

Una haki ya kuumia. Mwombe mwalimu mkuu majina yenu wote yaandikwe kwenye kumbukumbu za taaluma, kisha mpe mwenzako zana ya pili. Watoto wake nao wanaihitaji.

Mimi ni mzazi kwenye UWAWA, ushirikiano wa wazazi na walimu wa shule yetu. Michango ya lazima imekatazwa, sasa tuwasaidieje walimu? (Mzazi, Sumbawanga)

Kwa mikono na muda. Seremala apige rafu kwa mbao za mabaki. Bibi anayejua hadithi aje Ijumaa asimulie, watoto waiandike na kuichorea picha. Tayari darasa limepata kitabu. Na ruzuku ikijadiliwa, ulizeni darasa la kwanza na la pili limetengewa shilingi ngapi za zana. Ombeni matumizi yabandikwe ubaoni ambapo kila mzazi atayasoma.