Picha ya wawili wenye bunduki: tuanze na miguu peku

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Malindi, nasoma sosholojia, mwaka wa pili. Tulipewa ile picha ya mume na mke wa Marekani waliosimama mbele ya nyumba yao na bunduki, waandamanaji wakipita, tukaambiwa tuifasiri kwa nadharia hakiki za jamii, zile zinazohoji nani ana nguvu na nani hana. Nimeandika kurasa sita: Marx, Weber, nadharia hakiki ya rangi, ufeministi. Mhadhiri amenirudishia na maneno matatu ya wino mwekundu: "Picha iko wapi?" Nimekosea wapi? Na nadharia hizi za ng'ambo zina kazi gani kwetu huku Pwani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Najua wino huo unavyochoma, lakini mhadhiri wako amekuonea huruma. Wengine hutia alama ya chini wakanyamaza. Ulichofanya ni kupanga nadharia kama mafungu ya samaki sokoni, kila fungu na bei yake, na picha ukaitandika chini kama gazeti la kufungia.

Funga madaftari kwanza. Itazame picha kwa dakika kumi, uandike unachokiona kabla hujaandika maana yake. Ni tarehe 28 Juni 2020, mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Mume kavaa shati la waridi na suruali ya kaki, kashika bunduki ndefu ya mtindo wa AR-15. Mke kavaa fulana ya milia, kanyoosha bastola, kidole kiko kwenye kifyatulio. Nyuma yao ni jumba la mawe mfano wa kasri la Italia. Wote wawili ni mawakili. Na mume hana viatu.

Mimi ningeanza na hiyo miguu peku. Roland Barthes, yule Mfaransa, alitofautisha mambo ya jumla yanayotufanya tupendezwe na picha na kile kijambo kimoja kinachomchoma mtazamaji, mara nyingi bila mpiga picha kukikusudia. Miguu peku inasema mtu huyu katoka mezani muda huu, hakujiandaa. Anayemtetea ataishika hapo: kafumaniwa nyumbani kwake. Anayempinga naye ataishika hapo hapo: ni mtu mwenye nafasi kiasi kwamba vita vyake anapigana kwenye bustani, bila kuvaa viatu. Jambo moja limebeba hoja mbili, na hilo ndilo nadharia inatakiwa ilieleze.

Kisha uliza fremu imekata nini. Katika nakala zilizozunguka sana kwenye simu wamebaki wawili peke yao, kana kwamba wanamwelekezea bunduki mtazamaji. Waliokatwa ni waandamanaji. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 25 Mei, George Floyd alikuwa ameuawa na polisi Minneapolis. Siku ile watu wa St. Louis walikuwa njiani kwenda kwa meya, Lyda Krewson, aliyesoma hadharani katika matangazo ya moja kwa moja majina na anwani za watu waliotaka bajeti ya polisi ipunguzwe. Njia yao ikapita Portland Place, mtaa wenye lango ambao barabara yake ni mali ya wakazi. Mume na mke walisema lango lilivunjwa na waliogopa kuuawa. Waandamanaji walisema wao walikuwa wapita njia tu. Andika kauli zote mbili kwa uaminifu, hata ile usiyoipenda.

Sasa nadharia inaweza kupiga hodi. Swali la kwanza unaliuliza lango. Mwaka 1993 mwanasheria Cheryl Harris alitoa hoja kwamba weupe Marekani umefanya kazi kama aina ya mali, na moyo wa mali ni haki ya kumzuia mwingine asiingie. Hoja hii usiiache ikielea hewani, maana St. Louis yenyewe inakupa ushahidi. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer. Familia ya watu weusi ilikuwa imenunua nyumba mjini humo, majirani wakataka itolewe kwa hati ya mwaka 1911 iliyokataza watu wasio weupe kukaa mtaani. Mahakama ikasema dola haiwezi kutumia mahakama zake kutekeleza hati za namna hiyo. Kesi ile haikuhusu Portland Place, lakini ni mji ule ule, na suala ni lile lile la nani anaruhusiwa kukanyaga wapi. Ukishalijua hili, lango lile huwezi tena kuliona kama chuma tu.

Swali la pili, ambalo kwangu ndilo kitovu cha kazi yako yote: hofu ya nani inaaminika? Kujilinda kisheria kunasimama juu ya hofu inayokubalika, na sheria za Missouri humpa mwenye nyumba nafasi pana. Lakini hofu husomwa na macho, na macho hufundishwa. Mwanafalsafa wa Marekani Judith Butler aliandika hivyo kuhusu video ya Rodney King, aliyepigwa na polisi Los Angeles mwaka 1991. Mawakili wa polisi waliipunguza kasi video hiyo, fremu baada ya fremu, na mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama lililojaa weupe wengi halikumtia hatiani polisi yeyote kwa kumshambulia. Mtu aliyelala chini anapigwa akasomwa kuwa ndiye tishio. Ikiwa video inasomeka kinyumenyume hivyo, picha moja iliyoganda itasomekaje?

Weka picha nyingine kando yake. Mwaka 1964 Malcolm X, mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, alipigwa picha nyumbani kwake, kashika bunduki, kasogeza pazia anachungulia dirishani. Alikuwa akipokea vitisho, na Februari 1965 nyumba yake ikarushiwa mabomu ya petroli, akauawa wiki moja baadaye. Naye ni mwenye nyumba anayelinda watu wake, ila wangapi wameisoma picha ile kama wito wa vurugu? Au chukua mwaka 1967: wanachama wa Black Panther, chama cha watu weusi waliobeba silaha kujilinda, waliingia na bunduki katika bunge la California, Sacramento, kupinga muswada wa kukataza kubeba silaha zilizojaa risasi hadharani. Gavana Ronald Reagan akautia saini muswada huo. Wale mawakili wa St. Louis walialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa chama cha Republican Agosti 2020. Mwaka uliofuata walikiri makosa madogo, na Gavana Mike Parson akawasamehe. Gavana mmoja kalamu yake ilifunga, mwingine ikafungua. Ulinganisho huu peke yake unakutosha kwa kurasa mbili. Na usiuharakishe, maana msomaji mkali atakwambia kuwa kuingia bungeni na kusimama bustanini ni mambo mawili; mjibu.

Ufeministi uliupa aya moja, nadhani kwa sababu ulikuwa umechoka. Rudi kwa yule mke. Bastola yake siku ile haikuwa na uwezo wa kufyatua. Ilikuwa kielelezo katika kesi dhidi ya walioitengeneza. Bunduki mbovu, picha nzima! Hapo utaona kuwa nguvu ya picha hii haitoki kwenye risasi, inatoka kwenye ishara. Tena faini yake ilikuwa dola 2,000, ya mume dola 750, kwa kuwa makosa waliyokiri hayakuwa sawa. Nani katika picha hii amepewa nafasi ya mlinzi, na nani ya mtu aliyepandwa na jazba? Kusanya vichekesho vilivyotungwa juu ya kila mmoja wao, utapata jibu lenye ushahidi.

Weber, yule mwanasosholojia Mjerumani, mpe sentensi mbili: dola, yaani serikali, inadai peke yake haki ya kutumia nguvu, na hapa imeikopesha kwa raia. Stuart Hall, aliyeeleza kuwa ujumbe husomwa kwa kuukubali, kuujadili au kuupinga, atakusaidia kupanga maoni ya watu, lakini yeye alikuwa anaandika kuhusu televisheni, kabla ya mtazamaji kuweza kuikata picha mwenyewe akaisambaza tena. Marx muache hadi utakapokuwa na la kusema juu ya jumba lile.

Kuhusu Pwani. Mgeni akiona picha ya kirumbizi hapa Lamu wakati wa Maulidi, wanaume wawili wameinuliana bakora, atadhani watu wanaumizana, na sisi tunajua ni ngoma. Huo ni mfano mwepesi. Mzito ni huu: mwanamume Mwaaweer, wale ambao wengi mtaani bado huwaita Waboni, kasimama msituni na uta. Kabla ya 1977 maelezo chini ya picha yangesema "mwindaji". Mwaka huo Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na picha ile ile ikawa ya "jangili". Baada ya mauaji ya Mpeketoni mwaka 2014 na operesheni ya usalama katika msitu wa Boni, kuna watakaomtazama wakajiuliza kama ni mlinzi au mshukiwa. Uta haukubadilika, wala mkono ulioushika. Swali la hofu ya nani inaaminika ni letu pia. Unabadilisha tu lango, sheria na macho. Ila usimbandike Mwaaweer nadharia ya weupe kama ilivyo, maana hapa mistari imechorwa na ukoloni, kabila, dini na hati za ardhi, kila mmoja kwa namna yake.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, na wengi hukatwa alama hapo. Tukio lile lilipigwa picha na wapiga picha kadhaa. Ya Lawrence Bryant wa shirika la habari la Reuters si ya Bill Greenblatt wa shirika la UPI, na pembe zinatofautiana. Tafuta yako ni ipi, andika jina la aliyeipiga chini yake, kisha angalia kama nakala uliyopewa imekatwa.