Tovuti yangu imekaa kama bango, nianzie wapi?

SWALI: Habari yako mtaalamu. HTML na CSS nimeshajifunza, ukurasa wangu unapendeza ila umekaa tu kama bango, leo kesho uleule. Nikaingia lugha ya PHP kwa video, nikiangalia naelewa kila kitu, video ikiisha nikifungua faili tupu mwenyewe nabaki natoa macho. Halafu faili langu la kwanza nililibofya mara mbili, kivinjari kikanionyesha kodi zenyewe! Nifanye mazoezi gani?

JIBU: Salama, na pole. Hilo la mwisho kwanza, manake linakwamisha wengi. PHP inasomwa na seva (programu inayokitumia kivinjari kurasa), sio kivinjari chenyewe, sasa ukibofya faili hivyo seva haipo, nani ataisoma? Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda yako, andika php -S localhost:8000, halafu nenda localhost:8000/ ukifuatisha na jina la faili lako kwenye kivinjari. Seva hiyo ndogo imo ndani ya PHP yenyewe tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012, ya mazoezi tu lakini, usije ukaiweka hewani.

Zoezi la kwanza ni mstari mmoja: <?php echo date('H:i:s'); basi. Rifreshi, sekunde zimesogea. (Saa ikikudanganya usishangae, PHP isipoambiwa kitu inafuata UTC, saa ya kimataifa.) Sasa angalia sosi ya ukurasa kwenye kivinjari, hutaona PHP hata chembe, utakuta saa tu. Yaani ukurasa unapikwa upya kila unapoombwa, na tovuti zote hizi zinazobadilika-badilika zinaanzia hapo.

La pili ndio nalipenda mimi, kitabu cha wageni. Fomu yenye jina na ujumbe, ukituma unaandikwa kwenye faili la maandishi, na chini zinatokea jumbe zote. Uzuri wake linaharibika lenyewe na kukufundisha. Tuma ujumbe kisha rifreshi, kivinjari kitakuuliza kama utume tena, ukikubali ujumbe unaingia mara mbili, hapo utajua kwa nini ukishahifadhi inabidi umrudishe mtu kwenye ukurasa kwa header ya Location. Kisha andika jina lako ndani ya tegi za b, likitokea limekolezwa wino ujue umeacha mlango wazi, leo ni b tu, kesho mtu anakuwekea JavaScript yake. Pitisha kila kilichoandikwa na mtu kwenye htmlspecialchars, inayogeuza tegi ziwe maandishi tu, wakati wa kukionyesha.

Ukifika mahali unataka kufuta ujumbe mmoja tu wa katikati, faili la maandishi litakutesa, hamia SQLite, haina seva ya kusimamisha, databesi nzima ni faili moja. Tumia PDO (njia ya PHP ya kuongea na databesi) na prepare yake, usiunganishe maneno ya mtu moja kwa moja kwenye SQL, yaani amri za databesi, hata kama ni zoezi, mkono ukizoea hivyo kuuzoesha upya ni kazi.

Video usiache, ila angalia kipande, funga, andika mwenyewe bila kopi na pesti, ukikwama rudi kwenye kipande kilekile tu. Na kosa likitokea soma namba ya mstari halafu angalia na mstari wa juu yake, mara nyingi nukta mkato imesahaulika huko. Mambo ya kulogini na nywila achana nayo mpaka kitabu chako cha wageni kiweze kuongeza, kurekebisha na kufuta.