Jibu: Kwa nini dawa ya ubwiri unga haiui mzabibu wenyewe

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini tebukonazoli, dawa ya jamii ya triazoli, inaua ubwiri unga (kuvu anayeacha unga mweupe kwenye majani na zabibu) na mzabibu unabaki salama, na kwa nini jirani yako anayezidisha kipimo ana mizabibu yenye pingili fupi na majani ya kijani kilichokolea. Mchangiaji aliyetangulia amesema kimeng'enya kinacholengwa na dawa (kimeng'enya ni protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli) hakipo kwenye mmea. Sikubaliani naye. Nimesoma biokemia na nalima zabibu Mpunguzi, Dodoma, na hali hiyo ya pingili nimeiona kwenye mashamba ya huku kwetu.

Kimeng'enya hicho, CYP51, mmea unacho, kuvu wanacho, hata sisi binadamu tunacho. Kazi yake ni hatua mojawapo ya kutengeneza steroli, zile molekuli zinazokaa ndani ya utando wa seli na kuupa uimara wake. Mwanzo wa utengenezaji huo ni uleule kwa wote: inatengenezwa skwalini yenye kaboni 30, kisha inabandikwa oksijeni. Baada ya hapo ndipo njia zinapoachana.

Kuvu na wanyama huikunja molekuli hiyo kuwa lanosteroli. Mmea huikunja kuwa sikloatenoli, ambayo ina pete ndogo ya ziada ya kaboni tatu. Kisha kimeng'enya SMT1 kinabandika methili (kipande chenye kaboni moja) mkiani, kwenye kaboni ya 24. Kingine kinaifungua ile pete ndogo. Ndipo zamu ya CYP51 inafika, nayo inaondoa methili iliyo kwenye kaboni ya 14. Mbele zaidi, kimeng'enya SMT2 kikiongeza methili ya pili mkiani tunapata sitosteroli yenye kaboni 29, steroli kuu ya mimea mingi. Isipoongezwa methili ya pili inabaki kampesteroli yenye kaboni 28, na humo ndimo zinamotoka brasinosteroidi, homoni zinazorefusha seli.

Sasa angalia tofauti iliyopo. Steroli ambayo haijakamilika inayopokelewa na CYP51 ya mzabibu ni obtusifolioli, ya kuvu hupokea eburikoli. Kwa hiyo mfuko wa kimeng'enya, pale molekuli inapoingia, haufanani sawasawa. Dawa za triazoli hujishikiza kwenye chuma kilichomo ndani ya mfuko huo, na zimechaguliwa kwa sababu zinakaa vizuri zaidi kwenye mfuko wa kuvu. Steroli zikikwama njiani, utando wa kuvu unaharibika naye hakui tena.

Lakini ukizidisha kipimo, dawa inagusa pia vimeng'enya vya mmea vya ukoo huohuo, hasa vinavyotengeneza jiberelini, na kwa kiasi fulani vile vya brasinosteroidi. Hizo zote ni homoni za kurefuka. Ndiyo maana pingili za jirani yako ni fupi. Huo si ugonjwa mpya, na mbolea haitausaidia mmea hapo.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya pingili. Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba ubwiri wa zabibu unapata usugu kwa badiliko moja tu kwenye CYP51: asidi amino (kiungo kimoja kwenye mnyororo wa protini) ya 136, tairosini, inageuka kuwa fenilalanini. Basi, dawa inashindwa kushika vizuri. Ukipulizia triazoli hiyohiyo msimu mzima, unawaachia shamba wale sugu. Na kubadili chapa dukani hakusaidii kama kiambato ni triazoli nyingine, kwa hiyo soma lebo.

Mimi naanza na salfa, kwa sababu inashambulia sehemu nyingi za kuvu kwa pamoja na usugu wake ni mgumu kutokea. Napulizia asubuhi mapema, maana kwenye joto la Dodoma la Oktoba na Novemba salfa huunguza majani. Triazoli naiweka karibu na maua, kwa kipimo cha lebo, kisha narudi kwenye salfa.