Kamera ya utumbo kwa sisi wa mashine: maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba nilifanyiwa kolonoskopi nikiwa bado nasafishwa damu kwa mashine ya figo, barua hazijakatika. Kwa asiyeijua, ni kipimo cha kupitisha kamera nyembamba kwa njia ya haja kubwa ili daktari autazame utumbo mpana wote kwa ndani. Mimi si daktari. Nilikaa miaka minne kwenye mashine hapa Mombasa, na leo natembea na figo ya mdogo wangu. Haya ninayowajibu nendeni nayo kwa daktari wenu wa figo, yeye ndiye anayejua mwili wa kila mmoja.

Nina miaka 53, nasafishwa mara mbili kwa wiki, na ndugu yangu amekubali kunipa figo. Nairobi wamesema hawaendelei mpaka nipigwe kamera ya utumbo. Ugonjwa wangu ni figo, utumbo umeingiaje? (Kisauni)

Kakangu, hata mimi nilihamaki. Utumbo umeingia kwa sababu ya dawa utakazomeza baada ya kupandikizwa. Mwili huiona figo ya mtu mwingine kuwa ni adui, basi hupewa dawa za kuituliza kinga isiishambulie, na dawa hizo utazimeza maadamu figo ile ingali inafanya kazi. Tatizo ni kwamba kinga hiyohiyo ndiyo inayopambana na saratani. Kama kuna saratani changa imejificha, ukiitulizia kinga umeifungulia mlango. Na saratani ya utumbo mpana huanza kimya, kwa kinyama kidogo kisichouma wala kutoa dalili. Ndiyo maana madaktari wengi hutaka kipimo hiki kwa mtu aliyefika miaka 45 au 50, au mapema zaidi ikiwa mzazi au ndugu aliwahi kuugua saratani hiyo.

Wako wanaokubali kipimo cha choo kwanza, waulize. Ila sisi wa mashine matumbo yetu huvuja damu kidogokidogo kwa sababu nyingine, kipimo kikaonyesha damu, na mwisho wake ukarudishwa kwenye kamera. Na huyo ndugu yako, akiwa na umri huo, naye ajiandae kuchunguzwa.

Nimeruhusiwa lita moja tu ya maji kwa siku. Sasa naambiwa ninywe lita nne za dawa ya kusafisha tumbo. Si nitajaa maji mapafuni? (Tudor)

Mamangu, hofu yako ina msingi, na wenzangu wote wa mashine naomba msome jibu hili mara mbili. Kabla ya kuhesabu lita, uliza jina la dawa.

Dawa inayotumika sana kwa watu wetu ni makrogoli, ambayo maboksi mengine huiandika PEG. Ni unga unaokorogwa katika maji mengi. Maji yake karibu yote hayaingii kwenye damu, hupita utumboni yakaosha na kutoka yalikotakiwa kutoka. Kwa hiyo zile lita nne hazihesabiwi sawa na lita nne za maji ya kunywa. Za kuogopa ni zile zenye fosfeti ya sodiamu, na zile zenye magnesiamu. Mwenye figo nzima huzikojoa. Sisi hatuna pa kuzitolea, hukaa kwenye damu, fosfeti ikashusha kalsiamu, na misuli na moyo vikaanza kwenda mrama.

Mimi ilibaki kidogo. Nilikwenda kwenye duka la dawa nikataka dawa ya kuosha tumbo kwa ajili ya kamera, nikapewa kichupa kinachoenea kiganjani. Muuzaji akaniambia hii ni nyepesi, huna haja ya kunywa ndoo nzima. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kuwa nasafishwa figo. Nilifurahi, wallahi. Siku ya mashine nikakitoa kwenye pochi kumwonyesha muuguzi aliyekuwa akinifunga bomba mkononi. Alikigeuza, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, kisha akakitia mfukoni mwake. Akaniambia, "Bi, kila siku tunakukataza maharagwe na dagaa kwa sababu ya fosforasi, halafu unywe hii?" Hakunirudishia mpaka leo. Basi ukifika dukani, neno la kwanza litakalokutoka kinywani liwe, "Mimi nasafishwa figo."

Makrogoli yenyewe ni nzito ulimini na ina ladha ya chumvi. Itie kwenye friji, kunywa glasi moja kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, usiikimbize. Mara nyingi nusu hunywewa jioni na nusu alfajiri. Jipime uzito kabla ya kuanza na tena asubuhi, uandike. Ukihema kwa shida, au tumbo likijaa na lisifunguke, acha na upige simu hospitali. Na kwa sababu twajuana na mifereji yetu, jaza mitungi tangu mchana. Usiku ule choo kitataka maji kuliko wewe.

Nimeambiwa siku moja kabla ninywe vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga tu. Madafu yanafaa? (Bamburi)

La, usiyaguse. Yanaonekana masafi, lakini dafu moja lina potasiamu kama ya ndizi au zaidi, na potasiamu ikipanda husimamisha moyo. Ukwaju na juisi ya machungwa ni vivyo hivyo. Sharubati nyekundu au ya zambarau iache pia, maana ndani ya utumbo daktari ataidhania ni damu. Kunywa chai ya rangi, kahawa tungu, soda nyeupe, au supu iliyochujwa isiyo na chumvi nyingi. Hivi huingia mwilini, kwa hiyo hapa kipimo chako cha maji cha kila siku bado kinahesabika. Mwenye sukari azungumze na daktari kuhusu insulini yake kabla ya siku hiyo, kwa sababu tumbo likiwa tupu sukari hushuka. Siku mbili tatu za nyuma kula wali mweupe, mkate mweupe, samaki na mayai. Sukuma, mchicha na vyote vyenye mbegu vingoje.

Nakaa Mtongwe na kipimo ni saa mbili asubuhi ng'ambo ya pili. Nitavukaje na dawa tumboni?

Usivuke. Dawa ya alfajiri haingoji feri. Lala kwa jamaa kisiwani, karibu na hospitali kadiri uwezavyo, na awe ni jamaa ambaye hutaona haya kumkalia chooni usiku kucha. Huyo huyo akusindikize na kukurudisha, kwa sababu ukishadungwa dawa ya usingizi hutakiwi kurudi peke yako.

Kipimo nikifanye siku gani, ya mashine au siku ya mapumziko? (Changamwe)

Mara nyingi huwekwa kesho yake baada ya siku ya mashine. Damu inakuwa safi, potasiamu iko chini, maji ya ziada yametolewa, na heparini, ile dawa inayozuia damu isigande kwenye mashine, imekwisha nguvu. Ubaya wake nitakuambia wazi: unatoka mashine umechoka kama mbeba mizigo wa bandarini, na jioni hiyohiyo unaanza kunywa makrogoli. Omba zamu ya asubuhi ili upate kulala mchana.

Mkono wa fistula, yaani ule wenye mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, ulinde. Mpimaji presha na mwenye kukutundikia dripu wote waambie watumie mkono mwingine, na uwaambie kabla hujadungwa usingizi, maana baadaye hutaweza kusema. Kuharisha kukizidi presha hushuka, na presha ikishuka sana fistula yaweza kuganda. Mimi usiku ule kila nikitoka chooni nilikuwa naweka vidole viwili juu yake nikisikilize kile kitetemo, kama paka anayekoroma chini ya ngozi. Usipokisikia usingoje kuche. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma husimamishwa karibu wiki moja kabla, kwa sababu hutia weusi utumboni. Aspirini au dawa nyingine ya kulainisha damu usiiache kwa uamuzi wako, muulize daktari.

Nina miaka 61, nina wajukuu. Naona haya kuvuliwa mbele ya watu na kuingizwa kitu nyuma. (Kibokoni)

Baba yangu, shikamoo. Haya ni sehemu ya utu, na sitakuambia uivue mlangoni. Una haki ya kumwomba daktari mwanamume na wauguzi wanaume, iombe mapema unapopewa tarehe. Utavalishwa vazi la hospitali, utalala ubavu wa kushoto umekunja magoti, na shuka juu yako. Kinachofunuliwa ni pale tu panapohitajika. Kipimo chenyewe mara nyingi hakizidi nusu saa au dakika arubaini, na wengi husinzia wasikumbuke kitu. Masheikh wetu husema dharura ina hukumu yake, na kutibiwa ni dharura. Ukiamka utakuwa na hewa tumboni. Itoe, usiibane kwa adabu, maana ikibaki ndani ndiyo inayouma, na wale wauguzi wanangoja waisikie.

Wameona vinyama vitatu na kuvikata. Ndoto yangu ya figo imekwisha? (Mikindani)

Haijaisha, dadangu. Vinyama hivyo hukatwa palepale na kupelekwa maabara. Vingi si saratani, ila vikiachwa miaka baadhi yake hugeuka, kwa hiyo kukatwa kwake ni kheri uliyoifuata kule. Vikitoka salama, jina lako linaendelea. Ikipatikana saratani kweli, kupandikizwa husimama mpaka itibiwe, na muda wa kungoja baada ya hapo hutegemea imefika hatua gani. Wengine hungoja miaka.

Kwa sasa, siku ya mashine inayofuata mwambie muuguzi kabla hajakufunga kwamba umekatwa vinyama, ili apunguze heparini au asiitie kabisa. Damu yaweza kutoka hata baada ya wiki moja au mbili, na kwetu sisi kuganda kwake ni kwa tabu. Ukiona damu nyingi chooni, au tumbo likikaza kwa maumivu na homa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Maumivu madogo usiyamezee ibuprofeni wala diklofenaki.

Mimi walinikata viwili, kimoja kama punje ya mchele, cha pili kama kunde. Nilikaa siku kumi nikingoja majibu, na sikumwambia mdogo wangu mpaka karatasi ilipofika mkononi. Daktari akaandika nirudie baada ya miaka 3. Mwaka huu ndio wa 3, na tarehe nimeshapewa.