Usiwakimbie Walimu: Kwa Wanaoanza Kidato cha Kwanza katika Shule za Kikatoliki Dar es Salaam

Mwanafunzi anayeanza kidato cha kwanza katika shule ya Kikatoliki hapa Dar es Salaam huwa amekwisha kuambiwa mengi kuhusu ukali wa mahali anapokwenda: lango hufungwa mapema, nywele hukatwa, simu haziruhusiwi, na Sista hasemi jambo mara mbili. Mengi ya hayo ni kweli, nami sitayapunguza. Tatizo ni kwamba mgeni aliyejazwa habari hizo tu huingia akiwa na shabaha moja, yaani asionekane, na anaweza kweli kumaliza muhula mzima bila kuonekana na mwalimu yeyote. Kwa nilivyoona miaka niliyosoma, kitu cha thamani kuliko vyote katika shule hizi ni walimu wanaobaki kazini baada ya kengele ya mwisho, wakiwa tayari kuulizwa. Anayejificha anakikosa hicho, ingawa mzazi wake amekilipia ada kwa jasho.

Anza kwa kujua nani anahusika na nini. Mkuu wa shule anaweza kuwa padre, sista, bruda au mlei, yaani muumini wa kawaida asiye padre wala mtawa, lakini si yeye wa kumpelekea habari ya daftari lililopotea. Mwalimu wa darasa ndiye mlango wa kwanza kwa karibu kila jambo, kuanzia homa hadi matatizo ya nyumbani. Mwalimu wa taaluma hushughulikia mitihani na matokeo, na mwalimu wa nidhamu utamjua hata usipomtafuta. Salamu inayotumika sana ni "Tumsifu Yesu Kristu", nayo hujibiwa "Milele, amina". Asiye Mkatoliki akisema "Shikamoo" hajakosa adabu, na sijapata kumwona padre aliyechukizwa na shikamoo.

Sasa namna ya kuuliza, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mwanafunzi huenda ofisini, husimama mlangoni, kisha husema, "Mwalimu, sijaelewa." Mwalimu naye hana pa kuanzia: hujui mada nzima, mfano mmoja, au neno moja? Atarudia maelezo yaleyale aliyoyatoa darasani, wewe utaitikia kwa kichwa, na mtaachana kila mtu akiwa pale alipokuwa. Nenda na daftari lenye swali ulilojaribu mwenyewe, hata kama jaribio limeharibika kuanzia mstari wa tatu, kisha umwoneshe mstari huo. Katika Hisabati hasa, mwalimu akiona hatua zako atagundua kwa haraka kwamba hujashindwa milinganyo bali unakosea alama za kutoa, kosa la tangu shule ya msingi ambalo linatibika. Ukimletea ukurasa mtupu hawezi kuligundua hilo, hata awe mwalimu bora wa jiji zima. Nenda pia mapema, yaani wiki ileile mada ilipofundishwa, kwa sababu wiki moja kabla ya mtihani mlango wa ofisi huwa na foleni kama ya mabasi ya mwendokasi Kimara asubuhi, na anayepata dakika mbili hapo ameshukuru.

Wapo watakaokucheka kwa kwenda ofisini mara kwa mara na kukuita kipenzi cha walimu. Waache. Kwa kawaida haohao ndio watakaoomba daftari lako ikifika Novemba.

Kikwazo kikubwa zaidi cha kuuliza si woga bali lugha. Aliyesoma shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili anajikuta masomo yote, isipokuwa machache kama Kiswahili chenyewe, yanafundishwa kwa Kiingereza, na shule nyingi zinataka Kiingereza kizungumzwe hata uwanjani. Mimi naona sheria hiyo ina faida yake, lakini katika miezi ya kwanza huwanyamazisha wale hasa wanaohitaji kusema. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kukariri sentensi chache za kuulizia kabla ya kukariri kitu kingine chochote: namna ya kumwomba mwalimu arudie hatua fulani, namna ya kuuliza tofauti kati ya vitu viwili, na namna ya kusema umefika wapi kisha ukakwama. Ukiwa nazo hizo, huna haja ya kusubiri hadi uwe msemaji hodari. Tenga pia daftari dogo la istilahi kwa kila somo la sayansi. Jambo likiwa gumu, mweleze mwenzako kwa Kiswahili mkiwa njiani kurudi nyumbani, kisha jioni liandike kwa Kiingereza. Ukishindwa kulieleza kwa Kiswahili, basi lililokushinda si Kiingereza, na hilo ni swali la kumpelekea mwalimu kesho yake.

Kuhusu alama, jambo linalowashtua wageni ni wastani wa shule, yaani alama ya chini ambayo shule inamtaka kila mwanafunzi aifikie. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, alama 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, na 45 hadi 64 ni C. Shule nyingi za Kikatoliki huweka wastani wao wa ndani ulio juu ya kiwango hicho cha chini cha C, kwa hiyo mwanafunzi mwenye 47 anaweza kuitwa pamoja na mzazi wake wakati yeye alidhani amefaulu. Uliza wiki ya kwanza wastani ni upi na asiyeufikia hufanywaje. Usijidanganye pia kwamba unaweza kulitupa somo moja kwa kuwa daraja la mtihani wa taifa hupangwa kwa masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kidato cha tano huchaguliwa kwa tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu yanayokwenda pamoja. Anayetaka Fizikia, Kemia na Baiolojia atatakiwa kuwa na alama nzuri katika hayo matatu, hata kama historia na jiografia zimempa A. Anayeitupa Fizikia akiwa kidato cha kwanza amejifungia mlango ambao bado hajui kama atautaka.

Upande wa dini una maswali mengi kuliko ugumu. Wanafunzi Waislamu na wa madhehebu mengine husoma katika shule hizi. Katika Misa ya shule asiye Mkatoliki hukaa kwa utulivu na hapokei Komunyo. Kwa Wakatoliki, kanuni ya Kanisa huwataka wenye miaka 14 na zaidi kuacha nyama siku zilizowekwa, lakini kufunga kula huanzia miaka 18, kwa hiyo mtoto wa miaka 13 asijitese kwa njaa Jumatano ya Majivu halafu akasinzia katika kipindi cha Kemia. Mwislamu anayefunga Ramadhani amwambie mwalimu wa darasa na mwalimu wa michezo mapema, wala asisubiri hadi azimie uwanjani. Sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake, ambayo kwa shule za watawa Wajesuiti ni ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola tarehe 31 Julai na kwa za Wasalesiani ni ya Yohane Bosco tarehe 31 Januari, huwa siku ya furaha na mechi. Tazama tu ratiba ya majaribio ya siku inayofuata.

Kwa wanaosoma kutwa, adui wa yote niliyoyasema ni usafiri. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na konda wa daladala hana haraka ya kumpakia mwenye sare anayelipa nauli ndogo. Masika yakinyesha na bonde la Jangwani kujaa maji, mwendokasi inayopita hapo husimama na mji mzima hutafuta njia nyingine. Ukichelewa kwa sababu hiyo, nenda shule, jieleze langoni na uingie, usirudi nyumbani. Jioni nayo basi la shule halimsubiri anayemuuliza mwalimu swali. Kwa hiyo zungumza na wazazi tangu Januari kuhusu siku mbili za wiki utakazobaki na namna utakavyorudi, iwe ni kwa daladala pamoja na wenzako wa njia moja au kwa kumsubiri ndugu anayetoka kazini. Kisha mwandikie mwalimu wa darasa barua fupi iliyosainiwa na mzazi, ili mlinzi asikutoe nje ya lango saa tisa na nusu ukiwa na daftari la Hisabati mkononi.